Kasri la Egerton au boma la Nabongo: nusu siku yako uitumie wapi?

Anayetafuta bustani ya kifalme ya kwenye kalenda, yenye chemchemi za marumaru na tausi wanaojitembeza, hataipata kati ya Nakuru na Busia. Atapata sehemu mbili ambazo kila moja inakaribia jambo hilo kwa njia yake. Moja ni kasri la mawe alilojijengea bwana mkubwa wa Kiingereza huko Ngata, nje kidogo ya Nakuru, lenye nyasi pana na miti mirefu ya kukalia chini. Nyingine ni kituo cha utamaduni na makaburi ya wafalme wa Wawanga, mojawapo ya jamii za Waluhya, huko Matungu, karibu na mji wa Mumias. Zote mbili zinatoshea nusu siku, na zote zina mtu wa kukutembeza na kukueleza.

Tuliweke wazi jambo moja kabla ya mengine. Lord Egerton hakuwa mfalme. Alikuwa na cheo cha kurithi, mali nyingi na tabia za mtu aliyezoea kutumikiwa, lakini hakutawala mtu yeyote isipokuwa wafanyakazi wake. Nabongo, kama walivyoitwa wafalme wa Wawanga, ndiye mfalme wa kweli hapa. Ajabu yake ni kwamba asiyekuwa mfalme ndiye aliyeacha jumba linaloonekana kutoka mbali, na aliyekuwa mfalme ameacha kitu ambacho usipoelezwa unaweza kukipita ukidhani ni shamba la mtu lililozungushiwa ua. Ukilishika hilo, nusu ya uamuzi umeshaufanya: kasri unaliona kwa macho, Matungu unapasikia kwa masikio.

Unatokea wapi?

Kutoka katikati ya Nakuru hadi kasri ni takriban kilomita 14. Kwa gari la binafsi hesabu nusu saa, na uongeze dakika 15 ikiwa unatoka mjini baada ya saa mbili asubuhi, maana barabara kuu ya Eldoret hubeba malori ya kwenda Malaba na moja likikwama kwenye mlima foleni haina mwenyewe. Kwa matatu, uliza steji gari la upande wa Njoro linalopita Ngata, kisha umwambie makanga unakwenda Castle. Usimwambie kasri, atakushangaa. Pale njiapanda utachukua boda kwa kipande cha mwisho. Chukua namba ya simu ya huyo boda kabla hajageuza pikipiki, kwa sababu siku ya kazi wakati wa kurudi unaweza kusimama langoni muda mrefu bila kuona mtu.

Matungu ni safari ya aina nyingine. Ukitoka Kisumu unapanda kupitia Kiboswa, unavuka ikweta kabla ya kufika Mbale, unapita Chavakali na Khayega hadi Kakamega. Hizo ni kilomita 50 hivi. Kakamega hadi Mumias ni kilomita 30 na kitu, na kutoka Mumias hadi Matungu bado kidogo. Jumla ya kwenda na kurudi kutoka Kisumu ni kati ya kilomita 170 na 190. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakunywa lita 17 hadi 19. Linganisha na lita tatu za mtu wa Nakuru anayekwenda kasri. Kwa hiyo mkazi wa Kisumu anayesema anataka nusu siku Matungu ajue nusu yake inaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mkazi wa Kakamega, Bungoma au Busia ndiye anayeipata nusu siku halisi, ya kutoka nyumbani akiwa amekunywa chai na kurudi kabla ya chakula cha mchana kupoa.

Wenye uamuzi mgumu ni watu wa katikati: wa Kericho, wa Eldoret, na mashule yenye basi lao. Kericho iko mbali na Nakuru kuliko ilivyo mbali na Kisumu, lakini ukifika Nakuru umekaribia kufika kasri, ilhali ukifika Kisumu bado una kilomita 90 za kwenda Matungu. Kwao kasri ni rahisi zaidi. Eldoret inaweza kwenda popote. Kushuka Kakamega ni karibu kuliko Nakuru, na barabara ya kupitia Kapsabet ina mandhari ya chai yanayofidia kona zake.

Kasri lenyewe

Maurice Egerton, wa nne na wa mwisho kubeba cheo cha Lord Egerton wa Tatton, alizaliwa mwaka 1874. Kwao ilikuwa Tatton Park, huko Cheshire, Uingereza, jumba lenye bustani zinazotembelewa hadi leo. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupata leseni ya urubani nchini mwake, mwaka 1910. Alipohamia Kenya alishika ardhi kubwa upande wa Njoro, na mwaka 1938 akaanza kujenga. Vita Kuu ya Pili ikaingia katikati, vifaa vya kutoka ng'ambo vikakatika, na kazi ikamalizika mwaka 1954. Alikaa humo miaka minne tu. Alikufa mwaka 1958 bila mke wala mtoto, na cheo kikafa naye. Chuo Kikuu cha Egerton, ambacho ndicho kinachomiliki kasri sasa, kilianzia kwenye shule ya kilimo aliyoianzisha mwaka 1939 kwa kutoa ekari 740.

Jumba lina vyumba zaidi ya 50. Usitarajie samani za kifahari zilizopangwa kama hotelini. Vyumba vingi ni vitupu, na kinachobaki kukutazama ni mbao, mawe, madirisha na mahali pa moto. Ukumbi wa dansi ndio unaowasimamisha watu, kwa ukubwa wake na kwa kinanda kikubwa cha mabomba kilichojengewa humo ndani. Kuna ngazi. Mzee mwenye magoti mabovu ataona vyumba vya chini na kuwasubiri nje kwenye nyasi, jambo ambalo si hasara kwake.

Kuhusu bustani: ni nyasi zilizofyekwa, miti ya zamani yenye kivuli kizito na nafasi ya watoto kukimbia bila kuvunja kitu. Waliokuja na picha ya bustani za Ulaya vichwani, zenye maua ya mistari na vichaka vilivyochongwa kama sahani, watavunjika moyo kidogo. Waliokuja na kikapu cha chapati na chupa ya chai hawatalalamika.

Mpangilio una maana kuliko watu wanavyodhani. Ingieni ndani kwanza, mkiwa wabichi, kisha bustani. Familia nyingi hufanya kinyume: watoto wanaona nyasi, wanachomoka, wanacheza saa nzima, halafu wanaburutwa ndani wakiwa na jasho na njaa kusikiliza habari za marehemu. Hapo mtembezaji anaongea na wazazi wawili na ukuta. Matembezi ya ndani yanachukua dakika 45 hadi saa moja. Weka saa moja na nusu ya nje. Ukiondoka Nakuru saa mbili na nusu asubuhi utakuwa umerudi mjini saa saba bila kukimbizwa.

Chukueni sweta. Huko Ngata ni juu kuliko Nakuru mjini, na upepo wa asubuhi hauulizi kama ni Januari au Julai. Wageni kutoka Kisumu, waliozoea joto la ziwani, ndio wanaojikunyata kwenye picha.

Matungu

Hapa lazima twende polepole, kwa sababu mahali penyewe ni padogo kwa macho na pakubwa kwa habari.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu yake ya pekee ya kupajali. Misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilifika kwa Wawanga kabla ya Mwingereza kujenga ofisi hata moja magharibi. Pale walipopumzika na kununua chakula walipaita Kwa Sundu, kwa jina la Nabongo Shiundu. Shiundu alipofariki, mwanawe Mumia akashika kiti, na mahali pakawa Kwa Mumia, ndipo likatoka jina la mji wa Mumias. Joseph Thomson, mvumbuzi kutoka Uskoti, alifika hapo mwaka 1883 akakuta mji uliozungushiwa ukuta wa udongo na handaki. Askofu James Hannington alipita mwaka 1885, akaendelea na safari hadi Busoga alikouawa mwaka huohuo. Kiswahili na Uislamu vilipata makao Mumias mapema kuliko sehemu nyingi za magharibi ya Kenya, na ukipita sokoni leo bado utavisikia na kuviona.

Waingereza waliweka kituo chao hapo miaka ya 1890, na barabara ya mikokoteni iliyotoka Kibwezi kuelekea Uganda ikapita hapo. Kwa muda mfupi Mumias ndiyo ilikuwa lango la magharibi yote. Kilichoiangusha ni reli. Ilipofika ziwani Desemba 1901, mizigo ikaanza kushukia Kisumu na kuvushwa kwa meli, na njia ya miguu ya Mumias ikapoteza kazi. Mumia alitangazwa chifu mkuu mwaka 1909. Makao ya utawala yakahamishiwa Kakamega mwaka 1920. Yeye mwenyewe akaishi hadi 1949. Mtu aliyewapokea wapagazi wa misafara aliishi kuona ndege za Vita Kuu ya Pili.

Utakachokiona ni ukumbi wa makumbusho wenye vitu vya utawala na maisha ya zamani, na eneo la makaburi ya wafalme. Neno bustani hapa lina maana tofauti kabisa. Uwanja wa Nabongo haukutengenezwa upendeze jicho. Ulikuwa wa baraza, wa ng'ombe, wa kuapisha na wa kuzika. Mti una kazi. Murembe, wenye maua mekundu na miiba, ndio Waluhya walioutumia kwa viapo, na mtu aliyeapa kwa uongo mbele yake alijua anacheza na nini. Nje ya ua ni miwa, miwa, na miwa tena.

Nusu siku yako ipange hivi. Toka Kakamega saa mbili asubuhi, fika kabla ya saa nne. Toa saa moja na nusu kwa maelezo na ukumbi, nusu saa kwa eneo la makaburi, kisha rudi Mumias kwa chakula. Kuku wa kienyeji kwa ugali, yaani ingokho na obusuma, ni sehemu ya safari. Ukirudi Kakamega bila kula utakuwa umekwenda nusu tu. Agiza kuku huyo asubuhi unapopita, kwa sababu wa kienyeji hachemki kwa dakika 20, na ukiagiza saa sita utakula saa nane.

Saa nane ndiyo hasa usiyoitaka. Mvua ya Kakamega na Mumias hupenda alasiri: hewa yenye unyevu inatoka ziwani, inapashwa joto mchana, inapanda na kugonga miinuko ya mashariki, na kufikia saa tisa mbingu imeshaamua. Njia za udongo kati ya miwa huteleza kama sabuni, na boda mzuri atakataa kwenda hata ukimwongeza. Boda atakayekubali ndiye wa kuogopa. Miezi ya kuvuna, trekta zenye matela ya miwa hutambaa barabarani na huwezi kuzipita kwenye kona, basi ongeza dakika 20 juu ya hesabu yako.

Anayekueleza

Hii ndiyo tofauti kubwa, na ndiyo ingefaa kukuamulia zaidi ya bei.

Kule kasri unaweza kutembea na mtembezaji wa wastani na bado siku ikawa nzuri, kwa kuwa jumba lenyewe linafanya kazi. Atakusimulia kisa kinachopendwa: bwana alimpenda mwanamke, akamjengea nyumba, mwanamke akaja akaidharau kuwa ni banda la kuku, bwana akajenga kasri, mwanamke akalikataa nalo, na tangu siku hiyo wanawake wakapigwa marufuku shambani. Ni kisa kitamu na wageni hucheka palepale panapotakiwa. Kichukueni kama kisa. Kinajaza matembezi mengi kiasi kwamba maswali yenye uzito hayapati nafasi, na ni juu yako kuyauliza. Kwa mfano: nani walichonga mawe haya na walilala wapi? Vifaa vya ng'ambo vilifikaje hapa wakati wa vita? Na hili: kabla ya walowezi, Bonde la Ufa hili lilikuwa malisho ya Wamaasai, wakahamishwa kwa mkataba wa mwaka 1904. Mtembezaji mzuri anajibu. Asiyejua anarudi kwenye banda la kuku.

Kule Matungu, mtembezaji dhaifu anaiua safari nzima. Ukipata kijana aliyekariri orodha ya majina ya wafalme, utatoka na orodha. Ukipata mzee anayejua, utaelewa kwa nini mrithi hakuwa lazima mzaliwa wa kwanza, bangili ya shaba iitwayo omukasa ilimaanisha nini kwenye mkono wa aliyechaguliwa, na Abashitsetse, ukoo wa kifalme, ni nani hasa. Kwa hiyo piga simu siku tatu kabla, useme wazi kwamba mnaomba mzee wa historia, mtaje idadi yenu na lugha mnayotaka. Wazee wengi wanaeleza vizuri zaidi kwa Kiwanga kuliko kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili kuliko kwa Kiingereza. Mkiwa na Mluhya kwenye kundi, mpeni kazi ya kutafsiri.

Adabu ina faida ya kazi hapa. Salamu kwanza: mulembe. Mzee ataitwa mzee, au kuka kwa watoto, na hakuna kumkatiza katikati ya ukoo kwa kuuliza choo kiko wapi. Uliza kabla ya kuingia makaburini kama kuna kuvua kofia au viatu, na uliza kabla ya kupiga picha. Wanaopiga picha kwanza na kuuliza baadaye ndio wanaoelezwa kwa kifupi.

Na usikilize ukijua kwamba historia ya Wawanga inayosimuliwa Mumias si ile inayosimuliwa Bungoma. Mwaka 1895 Waingereza waliwapiga Wabukusu, Waluhya wa upande wa Bungoma, huko Lumboka na Chetambe, na watu wa Mumia walikuwa upande wa Waingereza. Baadaye jamaa za Mumia, akiwemo Murunga, walipelekwa kuwa machifu juu ya watu wasio wao. Matungu utasikia habari ya ufalme uliojua kuongea na wageni. Ukifika Bungoma utasikia jambo jingine. Mwalimu anayewaleta wanafunzi angewaandalia upande wa pili darasani kabla ya safari, si baada yake.

Kujipeleka au kupelekwa

Kwa kasri, mtu wa Nakuru hana haja ya kampuni ya utalii. Anayekuuzia safari ya kasri peke yake kwa bei ya siku nzima anakuuzia petroli ya lita tatu. Bei hiyo inaanza kuwa na maana tu akikuunganishia na mahali pengine asubuhi hiyohiyo, kwa mfano Hyrax Hill, ambako mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba mwaka 1937, au ukingo wa kasoko ya volkano ya Menengai. Kuunganisha vitatu ni kujidanganya. Utakuwa unahesabu saa badala ya kutazama.

Kwa Matungu hesabu inageuka. Mtu mmoja au wawili kwa matatu ni rahisi kwa pesa lakini ni magari matatu na boda kila upande, na kila kubadilisha kunakula dakika 20 hadi 30 za kusubiri gari lijae. Watu saba wakikodi Noah moja na dereva, gharama kwa kila mmoja hushuka karibu na nauli, na mnaondoka mnapotaka. Watu 14 wakodi matatu nzima. Zaidi ya 30 ni basi, na hapo ulizeni kuhusu hali ya njia ya mwisho na nafasi ya kugeuzia.

Ukitumia kampuni, hakikisha ina leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Utalii, ile iliyoundwa kwa Sheria ya Utalii ya mwaka 2011, na usione haya kuomba kuiona. Taka bei kwa maandishi, ikitaja gari, kiingilio, mtembezaji wa mahali, maji na maegesho, kimoja kimoja. Ugomvi mwingi langoni hutokea kwa kuwa mteja alidhani kiingilio kimo na dereva alijua hakimo. Malipo ya awali yasizidi nusu. Uliza pia kama huyo anayeitwa mtembezaji ni wa mahali penyewe au ni dereva wenu. Dereva anaweza kuwa mcheshi na msomi, lakini hawezi kukufungulia chumba.

Viingilio vina viwango tofauti kwa mwananchi, mgeni wa nje, mtu mzima, mtoto na mwanafunzi, na hubadilishwa. Piga simu wiki ya safari. Mwananchi abebe kitambulisho, na shule ibebe barua yenye muhuri inayotaja idadi ya wanafunzi na walimu, la sivyo mtatozwa kama watu wazima wa kawaida. Weka pesa kwenye simu na noti ndogo mfukoni, kwa kuwa mahali pa umma huenda wakakataa taslimu na boda huenda akakosa chenji. Kasri, uliza pia kuhusu kamera: kupiga picha za familia kwa simu na kuleta mpiga picha wa arusi ni mambo mawili kwa karani wa lango. Matungu, muulize aliyekupangia safari kama asante ya mzee imo kwenye malipo au unaitoa mwenyewe, ili usimpe mara mbili wala usimnyime.

Kundi likizidi 15, ombeni watembezaji wawili. Kwenye vyumba vya kasri wa nyuma hawasikii kwa sababu ya mwangwi. Matungu hawasikii kwa sababu ni nje na upepo unavuma kwenye miwa. Waliokosa kusikia huanza kuongea wao, na wakishaanza, na wa mbele hawasikii.

Basi nani aende wapi?

Mwenye watoto chini ya miaka 10 aende kasri, hata kama anatoka mbali kidogo. Watoto wa umri huo hawakai kusikiliza ukoo wa wafalme, na hakuna haja ya kuwalazimisha. Wachumba na wanaotaka picha pia, ila waende mapema: mwanga mzuri kwenye mawe ni wa kabla ya saa nne, na kufikia saa sita jua liko utosini na nyuso zote zina kivuli cha pua.

Darasa linalosoma falme za Kenya liende Matungu bila kusita. Kitabu kinawapa kurasa mbili za Wawanga. Hapo wanapewa sauti. Mwalimu agawe maswali matatu kwa kila kundi la wanafunzi watano kabla ya kuondoka, maana wanafunzi 40 wakiambiwa waandike kila kitu huandika majina ya wafalme na kukosea tahajia yote.

Wazee wetu, nao, Matungu. Hakuna ngazi za kuwatesa, watapata kiti, na mara nyingi baada ya dakika kumi wao ndio watakaokuwa wakimweleza mtembezaji. Mgeni wa kutoka nje ya nchi mwenye asubuhi moja tu angependelea kasri kwa wepesi wake, lakini kasri kama hilo anaweza kuliona kwao, na kubwa zaidi. Kama dereva yupo na mvua haijaanza, mpelekeni kwa Nabongo.

Kuna wanaouliza kuhusu Thimlich Ohinga, ile ngome ya mawe yasiyo na saruji iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018. Inastahili kuliko zote mbili kwa wajenzi wake, na haikuwa ikulu ya mtu. Lakini iko kilomita 46 kutoka Migori, na kutoka Kisumu ni siku nzima. Vivyo hivyo makaburi ya Makabaka, wafalme wa Buganda, huko Kasubi, Kampala: ni ya kifalme hasa, ila kuna mpaka katikati na hutalala nyumbani siku hiyo.

Siku ya kwenda

Jumamosi ni siku mbaya kote kuwili, kwa sababu mbili tofauti. Nakuru ni arusi: nyasi za kasri hukodishwa, mahema yanasimamishwa, spika zinaamka, na kona yako ya kupumzikia imewekewa viti vyeupe vya watu 300. Magharibi ni matanga: Jumamosi ndiyo siku ya kuzika, na mzee anayeijua historia ndiye huyohuyo anayetakiwa kusema neno kwenye mazishi. Ijumaa Mumias inakwenda vizuri hadi karibu saa saba, wakati wa sala, ambapo sehemu ya mji hufunga kwa muda. Kuleni kabla au baada.

Jumanne hadi Alhamisi ndizo siku za kuchagua, nje ya likizo za shule kwa kasri, na nje ya Aprili na Mei kwa Matungu. Piga simu tena jioni ya kuamkia safari. Ukiambiwa mzee amefiwa au amesafiri, usikubali kupewa yeyote aliyepo: ahirisha. Kasri unaweza kulitembea bila mtu na ukarudi umeona kitu. Matungu bila mzee, nenda siku nyingine.